Kulinganisha BMW 528i (F10) na Mercedes-Benz E 250 (W212) Zilizotumika: Mwongozo Kamili wa Kupima Gari Lenyewe, si Karatasi

Kosa ni lilelile kila mara. Mnunuzi anafungua karatasi mbili za kiwandani, anaona nguvu farasi 245 kwa BMW na 211 kwa Mercedes, na mjadala unaishia hapo. Baadaye anajikuta na BMW iliyochoka, ambayo Mercedes nzima ingeiacha kwenye mlima wa kwanza.

Gari lililotumika lina takwimu za aina mbili: zile lilizozaliwa nazo na zile lilizobaki nazo. Hatua zilizo hapa zinapima zote mbili, kisha zinauliza pengo lililopo katikati litagharimu kiasi gani kuliziba. Magari yaliyochaguliwa (F10 na W212 ni majina ya kiwandani ya matoleo hayo) ni mfano mzuri kwa sababu karatasi zake zinafanana kwa hila, lakini hesabu ni zilezile hata ukiweka Audi A6 na Lexus GS.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Namba kamili ya chasisi ya kila gari, herufi na tarakimu zote 17.
- Skana ya OBD2 (kifaa cha kusoma makosa ya gari) inayoingia kwenye kompyuta zote za gari. Skana rahisi nyingi husoma injini peke yake. Hizo hazitoshi, kwa kuwa siri nyingi zimo kwenye giaboksi na moduli nyingine.
- Kifaa cha GPS kinachosoma mwendo mara 10 kwa sekunde. GPS ya simu nyingi husoma mara 1 tu kwa sekunde, na katika jaribio la sekunde nne hilo ni kosa kubwa mno. Ukikosa kifaa, tumia simu ya pili kurekodi video ya dashibodi.
- Kipima upepo na kipima kina cha kashata za tairi.
- Tochi, glavu na kitambaa cheupe.
- Daftari lenye safu nne: kipimo, namba ya kiwandani, namba ya leo, gharama ya kurekebisha.
- Muda wa saa tatu kwa kila gari, na ahadi ya muuzaji kwamba hataliwasha kabla hujafika.

Ahadi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko vifaa vyote. Ukikuta boneti ina joto, omba siku nyingine.

## Hatua ya 1: Jua injini iliyomo, usiamini maandishi ya nyuma

Maandishi "528i" yamebandikwa kwenye injini tofauti kabisa. F10 za mwanzo, kuanzia 2010, zilikuwa na injini ya lita 3.0 yenye silinda sita, isiyo na turbo. Kuanzia Septemba 2011 ikaingia N20, lita 2.0, silinda nne, yenye turbo. Maandishi hayakubadilika.

Mercedes nayo ni hivyohivyo. E 250 ya petroli ya kabla ya 2013 ina injini M271 ya lita 1.8 yenye nguvu farasi 204. Baada ya maboresho ya 2013 ikaja M274 ya lita 2.0 yenye 211. Kuitambua kwa macho ni rahisi: W212 ya zamani ina taa nne za mbele zilizotengana, ya baada ya 2013 ina kioo kimoja kila upande. Ukiona maandishi "CDI" au "BlueTEC", hiyo ni dizeli na ulinganisho huu haukuhusu.

Ingiza namba ya chasisi kwenye programu ya kusimbua. Kwa BMW, herufi na tarakimu saba za mwisho zinatosha kutoa tarehe ya kutengenezwa, aina ya injini na vifaa ilivyotoka navyo kiwandani. Taarifa hizo ndizo za kuandika kwenye safu ya pili, si maneno ya tangazo.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kutaja jina la injini, mwezi wa kutengenezwa na aina ya giaboksi ya kila gari. Kuanzia hapa tunalinganisha N20 na M274.

## Hatua ya 2: Weka namba zote kwenye kizio kimoja

Watu wengi huanguka hapa bila kujua.

Nguvu. Tumia kilowati. Farasi wa Ulaya ni kW 0.7355, farasi wa Marekani na Uingereza ni kW 0.7457. N20 ina kW 180. Ulaya hiyo ni 245, Marekani gari hilohilo lilitangazwa kuwa na 240. M274 ya E 250 ina kW 155.

Kuchomoka. Muda wa 0 hadi 60 kwa maili si sawa na 0 hadi 100 kwa kilomita, kwani maili 60 ni km 96.6 tu. Gari lililopimwa kwa maili litaonekana lina kasi zaidi bila kustahili.

Ulaji wa mafuta. Magari haya yalipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Ulaya, NEDC, uliokuwa mpole kuliko utaratibu mpya, WLTP, ulioanza 2017. Usiweke namba ya NEDC kando ya namba ya WLTP au ya Marekani. Ikiwa umepewa maili kwa galoni, gawanya 235.2 kwa namba hiyo kama galoni ni ya Marekani, au 282.5 kama ni ya Uingereza. Jibu ni lita kwa kilomita 100.

Uzito. Vipimo vya Ulaya mara nyingi huhesabu kilo 75 za dereva na mzigo mdogo, vya DIN (kiwango cha Ujerumani) havihesabu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kubatilisha ulinganisho wa magari mawili yenye uzito unaokaribiana.

Ukubwa hauhitaji hesabu. Kutoka ekseli hadi ekseli F10 ina mm 2,968 na W212 ina mm 2,874. Buti la BMW ni lita 520, la Mercedes lita 540. Tangi la BMW ni lita 70. E 250 nyingi zina lita 59, na zipo zenye 80, kwa hiyo thibitisha. Kwa ulaji wa lita 9, tangi la 70 linafika km 777, la 59 linaishia km 655. Kwa msafiri wa mbali, pengo hilo lina maana kuliko nusu sekunde ya kuchomoka.

## Hatua ya 3: Soma torki pamoja na mizunguko yake

Torki, yaani nguvu ya msokoto, ni Nm 350 kwa injini zote mbili. Ndiyo maana mijini, kwa mguu mwepesi, utaona zinafanana. Kisa kiko kwenye mizunguko: M274 inashikilia Nm 350 kuanzia mizunguko 1,200 hadi 4,000 kwa dakika, N20 kuanzia 1,250 hadi 4,800.

Kanuni ni hii: kW = Nm × mizunguko ÷ 9,549.

- Mercedes kwenye 4,000: 350 × 4,000 ÷ 9,549 = kW 147.
- BMW kwenye 4,800: 350 × 4,800 ÷ 9,549 = kW 176.

Kumbe ubora wa BMW umekaa juu ya mizunguko 4,000, eneo ambalo dereva mtulivu haligusi kwa wiki nzima. Jiulize kwa ukweli mguu wako unaishi wapi. Ukiwa chini ya 4,000, kW 25 za ziada unazilipia lakini huzitumii.

Giaboksi nazo zina sauti hapa. BMW ina giaboksi ya kampuni ya ZF yenye gia 8, gia ya kwanza 4.714 na ya nane 0.667. Mercedes ina 7G-Tronic Plus ya gia 7, ya kwanza 4.377 na ya saba 0.728. Upana wa gia (ya kwanza ÷ ya mwisho) za BMW ni mara 7.07, wa Mercedes mara 6.01, ndiyo sababu BMW inaweza kuondoka kwa kasi na bado ikatulia barabara kuu.

## Hatua ya 4: Washa injini ikiwa baridi, sikiliza sekunde tano za kwanza

Simama mbele ya gari, boneti wazi, mtu mwingine awashe.

N20. Sikiliza mlio mwembamba kama mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko. Hiyo mara nyingi ni taimingi cheni au cheni ya pampu ya oili. Vishikizo vya cheni kwenye N20 za awali ni vya plastiki iliyokuwa ikikatika, na vipande huangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. BMW iliboresha vishikizo hivyo, kwa hiyo zilizotengenezwa kuanzia 2015 ni salama zaidi. Kwa za zamani, dai risiti ya kubadilisha cheni pamoja na vishikizo. Bila risiti, andika gharama hiyo kwenye safu ya nne hata kama mlio haupo. Cheni ikiruka, injini imekwisha.

Angalia pia gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Pitisha kitambaa cheupe chini yake. Kitoke kikavu.

M274. Sikiliza mgongano mkali wa chuma, sekunde moja au mbili, kisha ukimya. Huo ni mlio unaojulikana wa kirekebisha kamshafti. Haiui injini siku hiyohiyo, lakini hauponi wenyewe. Kisha chomoa plagi ya umeme ya sumaku za kamshafti, upande wa mbele wa injini. Ukikuta oili ndani ya plagi, inasafiri kwenye nyaya kuelekea kompyuta, na bili itakua kila mwezi.

Onyo: N20 haina kijiti cha kupimia oili. Kipimo kinasomwa kwenye skrini, injini ikiwa na joto. Muuzaji akikwambia "kijiti kimepotea", hajui gari lake.

Umefanikiwa ikiwa: injini inatulia ndani ya sekunde chache, moshi wa buluu hauonekani, na maunti (vishikilia injini) hazitikisi usukani.

## Hatua ya 5: Ingia kwenye kompyuta

Soma makosa ya moduli zote kabla ya kufuta chochote. Kisha angalia ile alama inayoonyesha kama vipimo vya ndani vya injini vimekamilika. Kama vingi vinasema "havijakamilika", mtu amefuta makosa juzi au jana. Liendeshe gari, ukilikubali, kisha soma tena.

Linganisha kilomita za dashibodi na zile zilizohifadhiwa kwenye moduli nyingine. Funguo za F10 nazo hubeba kumbukumbu ya kilomita. Wanaorudisha nyuma kilomita mara nyingi hubadilisha dashibodi na kusahau kwingine.

Sasa tazama namba zikiwa hai:

- Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Ndani ya asilimia 5, chanya au hasi, ni afya. Yakipita 10, kuna hewa inayovuja, sindano za mafuta zilizo chafu au sensa ya hewa iliyochoka. Injini hiyo haitatoa kW zake.
- Kupiga misi (mafuta kukosa kuwaka) kwa kila silinda. Silinda moja ikiwa na hesabu kubwa kuliko nyingine, anza na plagi za cheche na koili. Kwa M274, usiishie hapo: pima mgandamizo, kwa sababu pistoni zilizopasuka zimeripotiwa kwenye injini hizi.
- Shinikizo la turbo lililoombwa dhidi ya lililopatikana. Mistari miwili itembee pamoja. Uliopatikana ukibaki chini, tafuta bomba lililopasuka au mlango wa turbo uliolegea.

Kuna mitego mitatu inayowafanya watu waikatae BMW nzima. Wa kwanza: N20 ina Valvetronic, inadhibiti hewa kwa valvu, kwa hiyo injini ikinguruma bila kukanyagwa shinikizo la manifoldi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini) linakaribia la hewa ya nje. Mercedes katika hali hiyo inaonyesha namba ndogo mno. Hiyo si dalili ya uvujaji kwa BMW. Wa pili: joto la maji linaweza kupita nyuzi 100 kwa makusudi, kwa sababu thermostati yake inaongozwa na kompyuta. Wa tatu: alternata ya F10 hupunguza chaji unapoongeza mwendo na kuipandisha unapoachia mafuta. Volti zinazopanda na kushuka zisikushtue.

Kwa Mercedes, kaza macho kwenye moduli ya giaboksi. Kosa la sensa za mwendo ndani ya 7G-Tronic hulifanya gari ligome kupanda gia, na dawa yake ni kubadilisha bamba la kielektroniki ndani ya giaboksi. Kwa ZF, uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Neno "ya maisha" si jibu, kwani ZF wenyewe wanashauri kubadilisha kati ya km 80,000 na 120,000.

## Hatua ya 6: Matairi, breki na miguu

Fanya haraka lakini usiruke. Tairi mbovu huharibu jaribio linalofuata.

Soma tarakimu nne za umri wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha saizi na kibandiko cha mlangoni. Tairi 225/55 R17 ina mzunguko wa karibu mm 2,134, na 245/45 R17 mm 2,049. Anayebadilisha moja kwa nyingine anabadilisha pia usomaji wa spidi na uwiano wa gia kwa asilimia 4. BMW nyingi zilitoka na matairi ya kukimbia bila upepo. Zikiwa zimewekwa za kawaida, hakikisha kuna spea au vifaa vya kuziba.

Upepo ujazwe kwa kiwango cha kibandiko, magari yote mawili, matairi yakiwa baridi. Unene wa chini wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, na padi za mm 3 zimekwisha. Kwa Mercedes yenye Airmatic (springi za hewa), pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao jioni na asubuhi. Pembe iliyoshuka ina uvujaji.

## Hatua ya 7: Pima nguvu iliyobaki

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Pima kutoka 60 hadi 100 km/h, si 0 hadi 100. Kuondoka kutoka sifuri hupima matairi na mguu wa dereva zaidi kuliko injini. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu, ambako mwendo wa 100 unaruhusiwa. Barabara moja, siku moja, dereva mmoja kwa magari yote, kiyoyozi kimezimwa.

1. Endesha dakika 20 ili oili ya injini na ya giaboksi ipate joto.
2. Weka giaboksi hali ya spoti kwa magari yote mawili.
3. Ukiwa kwenye 50, kanyaga hadi mwisho. Kwa kuanza kwenye 50 unaipa giaboksi nafasi ya kushusha gia kabla saa haijaanza kuhesabu.
4. Hesabu muda kuanzia 60 hadi 100. Achia.
5. Rudia mara tatu kila upande wa barabara, na pumzika dakika mbili katikati. Turbo na kipoza hewa vikipata joto kupita kiasi, muda unaongezeka.
6. Tupa jaribio bora na baya kabisa, chukua wastani wa manne yaliyobaki.

Ukitumia video, kwanza linganisha spidi ya dashibodi na GPS kwenye mwendo thabiti. Dashibodi nyingi huzidisha, kwa hiyo tafuta usomaji unaolingana na 60 na 100 za kweli.

Sasa kanuni: kW za wastani = uzito wa gari na waliomo (kg) × 0.247 ÷ sekunde. Gari la kg 1,800 lililotumia sekunde 3.6 limetoa 1,800 × 0.247 ÷ 3.6 = kW 123.5. Namba hii itakuwa chini ya ile ya kiwandani daima, kwa sababu upepo, matairi na giaboksi vimekula sehemu yake, na pia ni wastani, si kilele. Usiilinganishe na karatasi. Linganisha gari na gari.

Kwa uzito sawa, 155 ÷ 180 ni 0.86. Maana yake BMW nzima itumie takribani asilimia 86 ya muda wa Mercedes nzima. Mercedes ikitumia sekunde 4.0, tarajia BMW karibu 3.4 au 3.5. Zikifungana, usifurahi kwamba Mercedes ni kali. Uwezekano mkubwa ni kwamba BMW inaumwa, basi rudi hatua ya 5 ukatazame turbo na marekebisho ya mafuta. Tofauti chini ya sekunde 0.2 ichukulie kama kelele ya kipimo.

Onyo: gari likisita, likapiga misi au likawasha taa ya injini, acha papo hapo. Kurudia kunaweza kumaliza kile kilichokuwa kinatengenezeka.

## Hatua ya 8: Ulaji wa mafuta

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, endesha angalau km 100, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia × 100 ÷ kilomita ndilo jibu. Kompyuta ya gari mara nyingi hujipendelea. Injini zote mbili zina turbo na hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli isiwe chini ya RON 95 (kipimo cha okteni).

## Hatua ya 9: Jaza safu ya nne

Ulizia fundi gharama ya kila kasoro, kisha jumlisha na bei ya gari. Kasoro zigawe kwa rangi: nyekundu ni zile zinazoweza kuua injini au giaboksi, yaani cheni ya N20 isiyo na risiti, mgandamizo mdogo, oili ndani ya nyaya, na giaboksi inayogoma. Njano ni zile zinazopunguza kW tu: plagi, koili, bomba la turbo, matairi.

Gari lenye njano nyingi lina nafasi nzuri ya kujadili bei, kwani ukilitengeneza linarudia namba zake, na jaribio la hatua ya 7 litathibitisha. Nyekundu moja isiyo na risiti inatosha kuliondoa gari mezani, hata kama ndilo lililoshinda barabarani.

Magari yote mawili yakipita bila nyekundu, rudi kwenye hatua ya 3. Anayeendesha juu ya mizunguko 4,000 achukue 528i. Asiyefika huko achukue lile lenye jumla ndogo ya bei na matengenezo. Kwa vyovyote, tunza karatasi za vipimo, na baada ya sevisi ya kwanza rudia 60 hadi 100 kwenye barabara ileile. Muda ukiwa mrefu kuliko siku ya kununua, mrudishie fundi gari kabla hujamlipa salio.